Saa Zilizokimbia Pale Jericho

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimekaa nyuma ya meza ya saa miaka kumi na tisa, veranda moja, pale soko la Jericho, na binadamu nimewaona wote kupitia lenzi ya jicho moja. Nimeletewa saa iliyochemshwa pamoja na maharagwe, mwenyewe akaniapia kwamba ilisimama tu yenyewe akiwa kanisani. Nimefungua kifuniko nikakuta ukoko wa ugali. Kuna saa ya kiume iliyoletwa kwangu asubuhi na mke wa mtu, na jioni akaja kuichukua mwanamke mwingine, naye akajitaja kwa jina lilelile la ndoa. Niliwaangalia wote wawili bila kupepesa.

Nyinyi vijana mnaoniona leo nikikusanya kodi ya vyumba vyangu kumi na viwili kule Dandora, vya mawe, si vya mbao, mnadhani nilirithi. Sikurithi hata jembe. Shule niliacha darasa la nne. Nilijitengeneza mwenyewe kwa bisibisi na kibano, na ninaandika haya kwa sababu sasa mnavaa saa za plastiki zenye betri, zikifa mnatupa, na mtu akiwaambia kwamba saa ilikuwa na moyo unaopiga mnacheka.

Kwanza mjue kwamba kazi ya saa ni kazi ya kushukiana. Mteja anamshuku fundi kwamba atatoa mashine nzuri aweke takataka. Kwa hiyo anasimama hapo juu yako, na ukiinama anainama nawe. Fundi naye anamshuku mteja kwamba aliipeleka saa kwa fundi wa bei rahisi, ikaharibiwa huko, sasa anairudisha kwako akidai ni kazi yako. Ndiyo maana kila fundi ana alama. Unachukua sindano, unakwaruza ndani ya kifuniko cha nyuma, herufi ambazo jicho tupu halizioni. Yangu ilikuwa N na nukta mbili, halafu mwezi wa kazi. Saa ya zamani ukiifungua unawasoma mafundi wote waliowahi kuishika, kama majina kwenye ukuta wa choo cha shule.

Hayo nilifundishwa na Mhindi mmoja mzee mjini, ambaye nilianza kwake kama mfagiaji. Skrubu ya saa ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Ukihema vibaya, imekwenda. Kila jioni nilifagia sakafu yake kwa brashi ya kunyolea, nikipepeta vumbi, na kila skrubu niliyoipata alinipa senti kumi. Hakujua kwamba nyingine nilikuwa nazificha ili nizipate siku ambazo hakuna. Ninawaambia hili msije mkadhani kushuku watu ni ugonjwa. Mimi nilijua watu wanafanya nini kwa sababu nilikuwa nafanya.

Nilipohamia Jericho, nilikodi nusu ya veranda ya duka la vitambaa la Mama Wairimu. Nusu nyingine ilikuwa ya Kilonzo, naye fundi wa saa, mtu wa Machakos. Baba yake alikuwa mchonga vinyago na yeye alianzia huko, kwa hiyo mikono yake haikutetemeka hata lori likipita. Meza ilikuwa moja, ndefu, yeye kushoto mimi kulia, kila mtu na droo yake. Tulikaa hivyo miaka sita. Tulikula kiosk kimoja, tukagawana petroli ya kuoshea mashine, na mtoto wake wa pili alipozaliwa mimi ndiye niliyepeleka sukari.

Lakini Kilonzo alikuwa mtu wa polepole. Skrubu aliishika kwa ncha ya njiti ya kiberiti iliyopakwa nta, akiishusha kama mtu anayemlaza mtoto. Alitengeneza saa tatu kwa siku, basi. Mimi nilitaka sita. Na mimi skrubu zilinisumbua, nisiwafiche. Veranda si sakafu ya Mhindi. Chini ni vumbi la soko, na kitu kikianguka hapo ni cha Jericho, si chako tena.

Siku moja fundi wa redio jirani alitupa spika iliyopasuka. Niliiokota, nikaivunja, nikatoa ile sumaku ya nyuma, nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Nikasugua bisibisi juu yake, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, mara thelathini au zaidi. Nikasugua na kibano. Halafu nikagusa skrubu. Iliruka ikajibandika yenyewe.

Vijana, siku hiyo nilijiona nimeipita hata Uswisi. Hakuna aliyenifundisha. Nilifunga ile sumaku kwenye gunia nikaipeleka nyumbani, nisionekane nayo, na bisibisi na kibano nikawa navitia mfuko wa shati kila nikiinuka, hata nikienda haja. Siri ya kazi haiachwi mezani. Kilonzo aliniuliza mbona siku hizi siangushi kitu. Nikamwambia ni maombi.

Saa sita kwa siku nilizipata, na siku nyingine saba. Mama Wairimu akaanza kuniita injinia.

Haikupita mwezi, akaja mteja mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate. Alisema, taratibu, kwamba tangu niisafishe saa yake amekuwa akifika kazini kabla ya lango kufunguliwa, anasimama kwenye baridi na mbwa wa kiwanda. Nikairekebisha, nikamwambia ni vumbi la unga. Halafu akaja mzee wa kanisa anayepiga kengele. Yeye alikuwa amewaamsha waumini dakika arobaini kabla ya ibada, wakamkuta mchungaji hajanyoa. Nikacheka. Nikairudisha nyuma, nikagusa wenzo wa kupunguza mwendo mpaka mwisho wake. Baada ya siku nne akarudi. Saa ilikuwa inakimbia vilevile, kama imekanyaga makaa.

Wakaja wengine. Zote zinakimbia, hakuna hata moja inayochelewa. Na zote ni zangu. Za Kilonzo zilitembea kama askari wa gwaride.

Sasa hebu mtu mwenye akili ajiulize. Meza moja, petroli moja, vumbi moja, mmoja saa zake zinakimbia na mwingine hazikimbii. Na yule mwingine ameona wateja wakihamia kwa jirani yake. Mimi hesabu hiyo niliifanya upesi. Niliposikia mteja wangu mmoja akimuuliza Kilonzo kama anaweza kumwangalizia saa, na Kilonzo akajibu kwamba hiyo ni kazi ya mwenzake, ampelekee mwenzake, nilijiambia, ona ujanja huo. Mwizi wa kweli haonekani na haraka.

Nikaanza kutega. Nilibandika unywele wa kichwa changu kwa mate kwenye ukingo wa droo. Unywele ulipokuwepo jioni, nikasema amejua kuurudisha. Nilinunua rangi ya kucha, nikadondosha tone dogo pale kifuniko kinapokutana na kasha, ili nijue kama saa imefunguliwa. Yule wa mikate aliporudi mara ya tatu nilitazama tone kwa lenzi. Lilikuwa zima, halijapasuka. Mtu mwingine angesema basi, haijafunguliwa. Mimi nilisema Kilonzo naye amenunua rangi ya kucha. Nilienda mpaka kwa mwenye duka la vipodozi nikauliza nani amenunua rangi nyekundu wiki ile. Aliniambia ni mimi.

Kuna jambo lililonichanganya zaidi. Saa za bei, zile za makarani wakubwa, nilizishika kwa vifaa vilevile na hazikukimbia. Zilizokimbia ni za watu wa kawaida. Sikujua wakati huo kwamba uzi mwembamba wa ndani wa saa zile za bei hutengenezwa kwa madini mengine yasiyoijali sumaku, na wa saa za rahisi ni chuma cha pua kitupu. Mimi niliona tu kwamba adui yangu anachagua wateja maskini kwa sababu ndio wenye mdomo.

Nikaacha kwenda kiosk. Chakula nililetewa mezani. Kilonzo alipoinuka, nilihesabu saa zangu. Aliporudi, nilihesabu tena, naye akaona. Alikaa wiki nzima akiniona na hakusema neno, na ukimya wake nao nikauandika kwenye makosa yake.

Mwishowe nilienda kwa Mama Wairimu nikamwambia achague, mimi au yeye. Mama alikuwa mtu wa haki, akataka ushahidi. Nikachukua saa tatu zangu na tatu za Kilonzo, nikazipanga kwenye kaunta ya vitambaa asubuhi, nikaziweka sawa mbele yake. Saa kumi jioni za Kilonzo zote zilikuwa pamoja. Zangu mbili zilikuwa zimetangulia robo saa, na ya tatu ilikuwa mbali zaidi. Wateja wa mama walikuwa wamesimama wanatazama kama mchezo wa karata. Kilonzo akaitwa.

Alizitazama zile saa kwa muda. Akanyoosha mkono kuchukua moja yangu, nami nikaivuta.

"Usiiguse," nikamwambia. "Umeshazigusa vya kutosha."

"Njuguna," akasema, "miaka sita. Kama unataka meza yote, sema unataka meza."

"Nataka kujua unafanya nini kwenye droo yangu."

Alimgeukia Mama Wairimu akamuaga kwa heshima, akamshukuru kwa miaka yote. Akapanga vifaa vyake kwenye kiondo cha mkewe, kimoja kimoja, akifuta kila kimoja. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mimi nilisimama pale kuhakikisha hachukui changu.

Meza ikawa yangu nzima. Na saa zikaendelea kukimbia.

Hapo ndipo nilipopoteza usingizi, maana mtuhumiwa wangu hayupo na uhalifu upo. Nisiwafiche upumbavu wangu: nilidhani ameacha kitu. Mnajua watu wanavyosema kuhusu Ukambani kwao na uchawi, maneno ya ovyo ya watu wasiojua, na mimi nikayabeba. Nilipindua meza. Nikachimba chini yake kwa kijiko, urefu wa mkono. Nilitafuta kitambaa, mfupa, pembe. Nilichopata ni skrubu zangu za miaka sita, zimeota kutu, na nilipochokora vumbi kwa bisibisi, ncha yake ikatoka na ndevu. Ndevu za chuma, nyeusi, zimesimama wima. Nilizifuta kwenye suruali nikaendelea kuchimba.

Kilichonifungua macho ni dira. Mwalimu mmoja wa jiografia wa shule ya pale karibu aliniletea dira ya shule iliyopasuka kioo. Niliiweka mezani nikainama kupima kioo kipya. Sindano ikazunguka, ikatulia, ikaniangalia kifuani.

Nikasogea kushoto. Ikanifuata. Nikasogea kulia, ikaja. Mwalimu alikuwa bado amesimama pale.

"Fundi," akasema, "kaskazini imehamia kwako?"

Jambo la kwanza nililofikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba Kilonzo amemtuma. Nilimuuliza anamfahamu Kilonzo wa wapi. Mwalimu akaniambia hamjui Kilonzo yeyote, akatoa bisibisi na kibano mfukoni mwangu kwa vidole viwili kama mtu anayetoa kiroboto, akaviweka upande wa pili wa meza. Sindano iliniacha mimi ikavigeukia.

Akaondoka, dira akaniachia mpaka kesho. Nilichukua saa ya mzee wa kengele, nikaishika juu ya dira. Sindano ikaanza kutetemeka, tik tik tik, pamoja na moyo wa saa. Nikaifungua nikatazama kwa lenzi kile ambacho nilipaswa kukitazama tangu siku ya kwanza. Ndani ya saa kuna uzi wa chuma mwembamba uliojizungusha kama konokono, ndio tunaouita unywele, na kila mzunguko unatakiwa kuwa peke yake, usiguse jirani. Hapa mizunguko ilikuwa imeshikana. Kibano changu kiliipa sumaku, mizunguko ikavutana ikagandana, uzi mrefu ukawa mfupi, na uzi mfupi hupiga haraka. Miezi yote hiyo nilikuwa nimeangalia droo, vifuniko, uso wa Kilonzo, kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nimekishika mkononi.

Basi someni hapa, maana hili ni la kazi. Shaba haina habari na sumaku, na sehemu kubwa ya mashine ya saa ni shaba, ndiyo maana nilidanganyika. Chuma cha pua kinashika na hakiachi. Nilijaribu kukitibu kwa moto: niliitia bisibisi kwenye jiko la makaa mpaka ikawa nyekundu. Ilipopoa sumaku ilikuwa imekwisha kabisa, na ugumu wake pia umekwisha. Kwenye skrubu ya kwanza niliyoifungua, bisibisi ilipinda ncha kama mshumaa. Sasa, bisibisi unaweza kununua nyingine. Unywele wa saa ya mtu huwezi kuutia kwenye makaa.

Niliulizia mjini dawa yake. Kila niliyemuuliza alinitajia mtu mmoja: kuna fundi upande wa viwanda, karibu na Mukuru, amekodi kona kwa mtu wa redio mwenye umeme, ana mzinga wa waya aliouzungusha mwenyewe. Sikuhitaji kuuliza jina.

Nilimkuta Kilonzo ameinama na njiti yake ya kiberiti. Aliniona, akamaliza skrubu aliyokuwa nayo, ndipo akainua kichwa. Nikatoa kibano nikakiweka mezani kwake. Alikigusisha kwenye skrubu, skrubu ikaruka.

"Ulikuwa unafanyia kazi hiki?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Nilimwambia. Alikaa akikigeuzageuza, na nikaona anahesabu miezi.

"Ungenionyesha siku ya kwanza," akasema, "tungecheka nusu saa, tukaenda kula."

Nilimwambia arudi Jericho, nusu ya meza ni yake, nitamlipia kodi mwaka mzima. Akasema hapana. Alisema bila hasira, na hilo lilinikalia vibaya kuliko matusi. Alisema pale alipo hakuna anayemhesabia saa akienda kula.

Lakini saa za watu alikubali kuzitibu, kwa sharti kwamba nizikusanye mwenyewe, na kila mwenye saa nimwambie ni nani aliyeiharibu, na kwa nini Kilonzo hayuko Jericho tena. Nilizunguka wiki mbili. Yule wa mikate alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kama mbwa wa kiwanda nao nitawaomba radhi. Mama Wairimu nilimwambia mbele ya wateja wake, pale pale kwenye kaunta. Hakuniita injinia tena mpaka alipofariki.

Kilonzo alizitibu mbele yangu. Angalieni, msikosee: saa inaingia kwenye mzinga wa waya, umeme unawashwa, halafu unaitoa polepole, polepole, mpaka mkono umenyooka wote, ndipo unazima. Ukizima ikiwa bado ndani umeipa sumaku upya. Kila aliyoitoa niliipitisha juu ya dira niliyonunua, nione kama sindano inatetemeka. Aliniona nikifanya hivyo. Ya tano akaniuliza kama nataka kuweka na rangi ya kucha. Kumbe alikuwa amejua muda wote. Niliendelea kuzipima, zote, na zote zilikuwa safi.

Tulipomaliza nilimwambia anifanyie bei ya ndugu.

"Bei ya ndugu ilikuwa Jericho," akasema Kilonzo. "Hapa kuna bei ya mteja."

Saa zilikuwa ishirini na tatu, kila moja shilingi kumi na mbili na nusu. Nilimhesabia pale mezani, akahesabu tena baada yangu: shilingi mia mbili themanini na saba na senti hamsini.